Minazi Juu ya Ardhi ya Mtu

Miaka ile ya themanini serikali iliamua kwamba kila kipande cha ardhi huku kwetu kiwe na mwenyewe mmoja, na mwenyewe awe na hati. Mimi niliamini jambo hilo kuliko waliolileta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kibarua cha ukarani kwenye timu ya upimaji upande wa Mnarani, na kila baraza nilimsikiliza afisa wetu akieleza: mwenye hati atakwenda benki, atapata mkopo, atalima vizuri, nchi itasonga mbele. Wazee walisinzia. Mimi nilitikisa kichwa utadhani nalipwa kwa kazi hiyo.

Tatizo lilikuwa mama yangu.

Wazazi wangu walitoka visiwa vya kaskazini kabla sijazaliwa. Mzee mmoja wa Mnarani aliwapokea, akawaonyesha pembe ya shamba lake, akasema wajenge na wapande; ardhi yake, miti yao. Hapakuandikwa kitu, maana hakuna aliyeona haja. Ndivyo watu walivyoishi hapa: huyu ana ardhi, yule ana minazi juu yake, na asubuhi wanaamkiana. Mama alipanda minazi kumi na minne, akaimwagilia kwa ndoo za kichwani mpaka ikasimama yenyewe. Baba alipofariki, minazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Nazi zilikwenda sokoni, na makuti aliyasuka kwa mikono yake, yakachukuliwa na waliokuwa wakiezeka mahoteli ya Malindi.

Kisha mzee akafa, shamba likabaki kwa mwanawe, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Tangu upimaji utangazwe, mwanawe huyo alikuwa haji tena kutujulia hali. Mimi nililiona hilo. Mama alisema labda ana shughuli.

Wiki moja kabla ya zamu yetu nilimkalisha mama barazani.

"Mama, wakiuliza ardhi ni ya nani, sema yangu. Umekaa hapa maisha yangu yote. Yule hana hata karatasi."

Alikuwa akisuka kuti, hakuinua macho. "Ardhi si yangu."

"Ukisema si yako utaikosa na minazi!"

"Babake alinipokea sina pa kulala. Leo amelala kaburini nimnyang'anye mwanawe? Siwezi, mwanangu. Minazi ni yangu, na kila mtu ajua."

Nilipandwa na hasira, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mamake. Yeye akaendelea kusuka.

Siku yenyewe ilipofika, wapimaji walivuta mnyororo wao wa kupimia katikati ya minazi, watu wakajaa, na afisa akauliza ni nani mwenye hapa. Mwana wa mzee akasema ni yeye, amerithi. Mama akaulizwa kama anapinga.

"Sipingi, bwana. Ardhi ni yake. Minazi ndiyo yangu."

Mzee mmoja wa kamati ya ardhi ya kijiji akakohoa. "Ni kweli. Minazi ya bibi huyu twaijua sote."

Mwana wa mzee alitazama chini, hakukubali wala hakukataa. Afisa akanigeukia. "Karani, mwisho wa ukurasa kuna nafasi ya maoni, kama mtu mwingine ana haki juu ya ardhi. Kuna la kuandika?"

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilikuwa bado na hasira, hilo la kwanza, nikaona mama amejitakia. Pia niliogopa, kwa sababu watu walishaanza kunong'ona kwamba karani ataipendelea nyumba ya kwao. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na miaka mingi ilipita kabla sijalikiri: niliiamini ile hotuba. Mti wa huyu juu ya ardhi ya yule ulikuwa ni mchafuko wa zamani, kitu cha kutuchelewesha, na mimi nilikuwa mtu wa mambo mapya.

"Hakuna," nikasema.

Mzee wa kamati alinikazia macho. Mama hakusikia. Alikuwa akimwonyesha mpimaji pa kupita, asikanyage mche.

Tulipewa siku za kupinga. Daftari la upimaji liliwekwa ofisini, mtu yeyote aje aangalie. Kila asubuhi nikivuka kivuko kwenda kazini nilijiambia leo nitamwendea afisa niseme nimekosea. Siku moja nililifungua mpaka kwenye ukurasa wetu. Mwenzangu akainua kichwa, akaniuliza natafuta nini. Nikalifunga. Nyumbani mama alikula, akalala vizuri. Siku ya mwisho ya kupinga ikapita sijamwendea afisa.

Hati zikatoka. Mwana wa mzee alikwenda benki kama alivyoelekezwa, kisha akaona kuuza ni rahisi zaidi. Aliyenunua alitaka kujenga nyumba za wageni. Asubuhi moja walikuja vijana wake na misumeno, na mama akatoka na leso yake, akasimama mbele ya mnazi wa kwanza.

"Ngojeni," alimwambia msimamizi. "Minazi hii imeandikwa. Binti yangu ndiye aliyekuwa karani."

Nikaitwa. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alinipa nakala ya daftari aliyokuja nayo. Mama akanisogelea.

"Nisomee pale penye minazi."

Nilisoma nambari ya shamba, ukubwa, jina la mwenyewe. Nilisoma polepole, nikitamani ukurasa urefuke. Nikafika mwisho.

"Haimo, mama."

"Si nilisema mbele ya watu?"

"Ulisema."

"Na mzee wa kamati akasema."

"Alisema. Mimi ndiye sikuandika. Niliulizwa, nikasema hakuna."

Nilingoja anipige, anilaani, alie. Ningefurahi kama angelia. Alinitazama muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Kisha akamwomba msimamizi ampe nafasi kidogo awatoe kuku wake chini ya minazi. Aliwatoa mmoja mmoja, akawafungia jikoni. Niliinama nishike mmoja, akasema, "Wacha," akamchukua mwenyewe.