Zizi la Mahindi

Ukame ulipommalizia baba ng'ombe, alilima mahindi kando ya Mto Tana, karibu na Balambala. Hakupenda kilimo. Alichokiogopa zaidi ni kuhamia kwangu Garissa, kwenye chumba kinachotazama ukuta. "Mahindi yakifa, nitakuja," aliniambia, kama mtu anayetaja hukumu yake.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini nilipomtembelea Ijumaa moja, nikamkuta na afisa wa kilimo. Afisa alikunjua jani akatuonyesha funza wa mabua, wadogo kama vipande vya uzi, ndio kwanza wametoka kwenye mayai. Alisema wengi wao hufa siku za mwanzo, lakini wanaopona huning'inia kwa nyuzi kama za buibui, upepo ukawapeleka kwa mmea wa jirani. Baadaye hutoboa bua, na humo dawa haiwafikii. Miche yenye matundu ing'olewe, itiwe guniani palepale, ichomwe.

"Habana," baba alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii bado nasimama. Mgonjwa akisimama sisi habana chinja. Natenga yeye."

Afisa alicheka, akapanda pikipiki yake. Baba hakuwa anatania. Maisha yake yote mbuzi akikohoa alimtenga, na wengi walipona. Basi akajenga zizi la miiba pembeni mwa shamba, aking'oa kila mche wenye matundu pamoja na udongo wake, akiubeba kifuani kama mwanambuzi, akilikatiza shamba zima na kuupanda upya humo zizini. Kisha akaumwagilia. Mimi mwenye diploma nilimshikia jembe.

Niliporudi baada ya wiki mbili, miche ya zizini ilikuwa imekauka. Baba alisimama katikati ya shamba, macho chini, kama zamani alipofuata ngamia aliyepotea. Mstari wa mahindi yaliyokauka moyo, yale majani machanga ya katikati, ulinyooka kutoka hapo hadi zizini, na kutoka kwenye mstari huo matundu yalikuwa yameenea kila upande. Aliufuata hatua kwa hatua. Mwishoni aliweka kandambili yake juu ya alama ya kandambili iliyokaukia topeni. Ililingana.

"Ni mimi," alisema kwa Kisomali.

Nilitaka kumwambia ni upepo. Sikuweza kumdanganya, na niliumia kuliko siku alipokufa ng'ombe wa mwisho. Tukang'oa mabua, mbuzi wawili waliobaki wakayala bila adabu. Baba aliwatazama mpaka wakashiba.

"Kile chumba chako," akauliza, "dirisha liko upande gani?"