Mhariri wa Paa Esuman

Ekua Bentsiwa wa Sekondi alikuwa mhariri, na majirani hawakuielewa kazi yake hata siku moja. Walimwona mwanamke mwenye miwani amejiinamia barazani, kalamu mkononi, wakasema anasahihisha mitihani. Naye hakujisumbua kuwaeleza. Ujanani, kwenye kiwanda cha uchapaji, alikuwa mkali kama pilipili: sentensi ikienda upande aliinyoosha, mwandishi apende asipende. Umri ulimlainisha. Alikuja kuona kwamba kanuni za lugha ni kama kamba ya mbuzi, hukazwa na hulegezwa, mradi mbuzi asiingie shambani kwa watu.

Paa Esuman, yaani Baba Esuman kwa lugha ya kwao, dereva mstaafu wa treni, ndiye aliyemletea habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kifante, lugha hiyo ya kwao, kwenye karatasi zenye madoa ya mchuzi wa mawese.

"Paa, kaka yako umemzika sura ya pili," Ekua alimwambia. "Sura ya saba yuko harusini anacheza."

"Mwache acheze, binti yangu. Alipenda ngoma yule."

"Acheze, lakini mzike baadaye. Wasomaji watakimbia!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ekua akaipanga miaka, akakata marudio yaliyochosha, akauliza majina ya stesheni. Kitu kimoja hakukigusa. Katikati ya habari yoyote, hata injini ikiwa inawaka moto, mzee aliiacha hadithi akamgeukia mkewe: Araba, unakumbuka? Unakumbuka, Araba, mvua ile? Mwalimu yeyote angeyafuta maneno hayo. Ekua aliyaacha yote, kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa humo.

Kifo hakipigi hodi. Paa Esuman alifariki kitabu hakijachapwa, na Fiifi, mwanawe wa kwanza, akaja kuzichukua karatasi ili zitengenezwe kijitabu cha kugawa mazishini.

"Mama Ekua, kijitabu cha msiba hakisemi 'mimi'," alisema. "Kinasema 'marehemu'. Na haya maongezi na mama katikati, si watu watatucheka?"

"Hiki si kijitabu cha msiba, Fiifi. Ni kitabu cha baba yako. Nakuomba usikiguse."

"Baba hayupo. Atakayeaibika ni mimi."

Ekua alimsihi mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuwa ndugu, na neno la mtoto wa marehemu ndilo lililosikika. Fiifi alimpa kazi mwalimu mmoja, naye akanyoosha kila kitu. Karatasi za mzee ziliishia jikoni, wapishi wa msiba wakawashia moto.

Siku ya mazishi watu waliketi katika nguo zao za msiba, nyeusi na nyekundu, Fiifi akasoma. Marehemu alizaliwa. Marehemu aliajiriwa na reli. Marehemu alimwoa Bi Araba. Hapakuwa na kosa hata moja. Ekua, aliyekaa nyuma kabisa, alilia kwa uchungu, maana alijua kilichopotea na hakuweza tena kukirudisha.

Maame Araba, mjane wa mzee, hakujua kusoma. Mumewe alikuwa amemwambia yumo ndani ya kitabu, akamwahidi siku kitakapotoka atasomewa chote. Alisikiliza kwa subira, mkono shavuni, mpaka mwisho.

"Umesoma vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa soma na cha baba yako. Anzia pale anaponiita."