Mizani ya Ghala la Mahindi

Simu ililia milio miwili mirefu na mmoja mfupi. Alvina akajua ni yake, na akajua majirani wanaotumia laini moja naye wameinua zao wasikilize.

"Dada Alvina," muuguzi wa Minneapolis alisema, "mdogo wako Thora ametutoka saa nne hii. Ini limeshindwa."

Kwenye waya mtu alivuta pumzi. Alvina akashukuru, akakata.

Miaka mitatu nyuma, mizani ya zahanati ilishindwa na uzito wa Thora, ikabidi Alvina ampeleke mdogo wake ghalani, kwenye mizani ya kupimia mahindi. Wanaume wakageukia ukuta kwa adabu. Orrin, mwenye ghala, akajaribu utani.

"Usiogope, dada Thora. Hii imeshabeba lori."

Thora akacheka nao. Nyumbani hakula siku mbili, kisha akakubali operesheni mpya ya kupunguza unene: utumbo unaungwa njia ya mkato, chakula kipite kabla mwili haujakinyonya.

Akakonda. Akina mama wa kanisa wakamsifu kila Jumapili penye kahawa. Alvina, aliyefua shuka zake, ndiye aliyejua anavyoharisha na nywele zinavyomtoka. Mwezi wa tatu mwaka huu, macho yakawa manjano. Daktari akasema utumbo urudishwe ulivyokuwa, na upesi.

"Twende Jumatatu," Alvina alimsihi.

"Nikirudishwa nitanenepa tena."

"Unene utakupa miaka. Hili halikupi hata miezi."

"Wewe hukusimama kwenye mizani ya mahindi."

Alvina akaendelea kukunja shuka.

"Pasaka ipite tu, dada. Nimeshona gauni la bluu. Niimbe nalo mara moja, halafu wanipasue wapendavyo."

Hadi Pasaka zilikuwa siku kumi na tisa. Kila asubuhi Alvina alimsogeza dirishani, akamtazama macho, akamwomba Mungu. Siku ya Pasaka Thora aliimba beti zote, ameshikilia benchi la mbele. Jumatano wakafika hospitali ya Minneapolis. Daktari akamfunua kope, akasema ini halitastahimili kisu tena. Akalazwa huko, Alvina akarudi nyumbani, hadi simu ile ilipolia.

Walimzika Jumamosi, ndani ya gauni la bluu. Wabebaji walikuwa sita, Orrin mmojawao, wanne wangetosha. Udongo ulikuwa mzito kwa theluji iliyoyeyuka. Mchungaji alisoma zaburi, Alvina akatupa konzi moja ya udongo, kisha wote wakashuka chumba cha chini cha kanisa, naye akawamiminia kahawa.