Serveur ya Mu Nyumba ya Fromage

Nitawaelezea, lakini mucheke polepole, juu bantu ba hapa kijiji yetu ya Burungu bameisha kucheka ya kutosha. Miye ni muntu wa mashaka. Muntu akinisalimia mara mbili, najiuliza ile ya pili anatafuta nini, na bibi yangu Furaha anasema hata mu kanisa nafunga jicho moja tu. (Ni bongo, uongo mutupu. Nafunga yote, lakini mukono iko ku mufuko.)

Basi nilitaka serveur ya mu nyumba, ni kusema ordinateur moja inayobeba mafilme yote na kutoa Wi-Fi, kila muntu aangalie ku telefone yake bila kununua megas za internet, njo batoto baache kushinda mu salle ya video kule Kitchanga. Nikashuka Goma kwa dada Neema, anayeuzisha ordinateurs zilizokwisha kutumika. Akanionyesha kamoja kadogo kama kipande ya sabuni, akasema njo kazuri, hakakule courant ya umeme mingi, hakapate moto. Bei ilikuwa juu kidogo. Nikamuangalia. Muuzaji akisifu kintu namna ile, iko na sababu. Pembeni palikuwa ingine kubwa, ya zamani, ilitoka mu biro fulani, bei ya chini sana, na yeye hakuisifu hata kidogo, kwa hiyo nikachagua ile.

"Papa, ile inapika," akaniambia. "Ukiibeba, uiweke fasi ya baridi."

Sasa muniambie, kwa muntu anayetengeneza fromage, ni kusema jibini, fasi ya baridi ni wapi? Nikaiweka mu nyumba ya fromage, yenye cadenas, funguo iko ku shingo yangu, nikaiingiza ku etajere, rafu ya chini, nyuma ya fromage, nikaifunika na kitambaa, juu sikutaka muntu ajue Wi-Fi inatoka wapi.

Wiki mbili tulikula raha, hata bale banaoniletea maziwa asubui banaangalia mupira bakingoja kupimiwa. Kiisha fromage zikaanza kutoka jasho, zikavimba, zikapasuka. Mama Riziki, anayezipeleka Goma, akanusa moja akanirudishia.

"Papa Dani, hii siuzishe. Narudi siku ya posho, Jumamosi. Nikikuta ni hivi, nitatafuta mwengine."

Nikasema ni maji, kuna muntu anatia maji mu maziwa. Nikapima ya kila muntu na densimètre, kile kipimo kinachoelea mu maziwa na kuonyesha maji, na yote ilikuwa mazuri, ya Papa Bauma njo ilishinda yote. Hapo nikamushuku yeye. Maziwa mazuri kupita ya bengine, juu ya nini? (Na kipimo nilikishuku pia.) Papa Bauma ni parrain, baba wa ubatizo, wa mutoto wangu Dani, ananiletea maziwa tangu siku nilianza hii kazi, hajakosa asubui hata moja. Nikajiambia, kikulacho kiko mu nguo yako. Hata paka nilimushuku, juu aliacha moto wa jikoni akahamia mu nyumba ya fromage.

"Paka anafuata joto," Furaha akasema.

Nikamujibu kwamba paka anafuata fromage.

Siku ya posho, Mama Riziki amefika, bantu ba maziwa bamejaa mu lupango, uwanja wa nyumba yangu, na bidon zao, nikasimama mbele yao bote.

"Parrain, bidon yako irudi. Unatia maji, unaniharibia kazi."

Hakukasirika. Akafunga kifuniko ya bidon polepole.

"Papa Dani, mutoto wako nilimushika ku ubatizo. Nionyeshe izo fromage."

Nikafungua cadenas na kiburi yangu yote, bantu banatufuata, Mama Riziki mbele. Papa Bauma akaingia, akasimama, kiisha akavua koti. Ku Burungu, asubui, hakuna muntu anayevua koti.

"Humu muko joto," akasema.

Akapitisha mukono ku etajere, juu, katikati, chini, hadi akafika fasi paka amelala. Akamuinua, akatoa kitambaa. Ile machine iko nanguruma, na fromage za karibu yake zimelegea kama ugali haujaiva.

"Hii njo nini?"

Mama moja akaangalia telefone yake, akasema, "Njo Wi-Fi."

"Kumbe Papa Dani anapika fromage," Mama Riziki akasema, na lupango yote ikacheka hadi bengine bakaweka bidon chini. Papa Bauma peke yake hakucheka. Njo kile kiliniumiza.

Kesho yake nilirudi kwa dada Neema, nikabeba kale kadogo bila kuuliza kintu. Kiisha miye na Furaha tukaenda kwa parrain kuomba musamaha, akatupokea vizuri, akasema imeisha. Lakini tangu siku ile, kila asubui, mbele ya kumwanga maziwa yake, anachota kikombe kimoja, ananipa mbele ya bantu bote. "Kunywa kwanza, Papa Dani." Nami nakunywa, na maziwa ni mazuri, haina hata tone ya maji.

Nimeapa simushuku tena muntu mbele ya kushika etajere na mukono wangu mwenyewe. Juzi nilimuuliza parrain kile kikombe kitaisha lini.

"Kikiisha, nitakuambia."

Bado hajaniambia.