Maksai Watatu wa Kununulia Kompyuta

Mwanangu, nakumbuka siku moja pale Ngokolo, tumejazana sebuleni kwa jirani yangu kutazama video ya harusi ya binti yake. Video za harusi za mtaa ule nilizoea kuzihariri mimi. Hiyo walimpa Limi, mwenzangu niliyejifunza naye kazi, ambaye aliolewa Geita na mnunuzi wa dhahabu, na mumewe akamnunulia kompyuta kubwa.

Rangi zile, mwanangu! Bibi harusi anang'aa bila kupauka, vitenge vya mashangazi ni vilevile nilivyoviona kwa macho yangu. Nilitafuta kasoro mpaka kichwa kikaniuma, sikuipata. Nikampigia Limi simu kumpongeza, roho inawaka kama iliyopakwa pilipili. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kompyuta yake ni ya aina gani.

Juma lililofuata nikaenda Kishapu kwa baba, mkulima wa pamba. Alikuwa ameniahidi kuuza maksai wake watatu mnadani ili nipate kompyuta ya kazi. Baada ya shikamoo na marahaba, akauliza, "Haya, kila ng'ombe anakwenda wapi?"

"Wote watatu kwenye mashine, baba. Nataka kama ya Limi."

"Ukishaiwasha, kazi itafanyika?"

Nilijua skrini yangu ya zamani inadanganya rangi. Nilijua sina diski za kutunzia harusi za watu, wala betri ya kushikilia kazi umeme unapokatika. Yote niliyajua, wivu ndio haukutaka kuyasikia.

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema baba, "hawa ndio wanaonilimia. Kama ni kwa ajili ya kazi yako, nitashika jembe la mkono. Kama ni kumkomesha Limi, watarudi zizini."

Nililia, tena kwa hasira. Lakini niligawa. Maksai mmoja akawa mashine ya wastani, inayoweza kuongezewa memori baadaye. Wa pili akawa skrini ya rangi za kweli. Wa tatu akawa diski na betri. Kazi ambayo Limi aliimaliza upesi, mimi niliingoja mpaka chai ikapoa, nikimwazia yeye tu.

Baadaye akaja mama mmoja wa Tinde. Baba yake alikuwa amefariki, na nakala yake ya video ya harusi, niliyoihariri mimi, ilipotea kwenye kuhama. Nikaitafuta kwenye diski, nikaifungua. Mzee akatokea anacheza, weusi wake ule ule, kofia yake ya bluu. Yule mama akashika skrini kwa viganja viwili. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa."

Sikwambii wivu uliniisha. Limi alijenga ghorofa, na hadi leo nikipita mbele ya ghorofa hilo nageuza uso. Ila mwiga tembo hupasuka msamba. Ukitaka chombo, mwanangu, itaje kwanza kazi unayoifanya, kisha ugawe ulichonacho kwa mahitaji yake yote, hata yale yasiyoonekana na wageni. Wivu ukija, uache uketi. Funguo za sanduku la fedha usiupe.

Mungu aibariki mikono yako, na alichojaliwa mwenzako kisikunyime usingizi kama kilivyoninyima mimi.