Baiskeli Hupita Geti la Nyuma

"Siste, unaleta nini?"

Bawabu aliniuliza hivyo asubuhi yangu ya kwanza kazini, Lavington, nikiwa nimeshika baiskeli getini. Sikuwa na mkate, maziwa wala miche ya maua.

"Watu wa baiskeli ni geti ya nyuma," akasema.

Kwenye mitaa ile ya kuta ndefu, mwenye baiskeli ni wa kuleta kitu au wa kukata nyasi.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya mazingira. Kazi yangu, kwa miezi mitatu ya majaribio, ilikuwa kuandika vijitabu vya kuwashauri watu wa Nairobi wasafiri kwa bei nafuu bila kuchafua hewa. Niliitaka mno kazi hiyo. Tangu nihitimu chuo kikuu nilikuwa nimekaa bure. Tena niliona anayetoa shauri aanze kulijaribu mwenyewe.

Basi kila siku nilitoka chumbani kwangu nyuma ya Kenyatta Market, penye harufu ya nyama ya jana na ncha za nywele za bandia zilizochomwa, nikaingia Ngong Road. Njia ya baiskeli ilikuwepo, vipande vipande: hapa imeegeshwa magari, pale inaishia mtaroni. Malori yalinitemea moshi usoni. Mvua ikinyesha, gurudumu lilinirushia maji ya mtaro hadi shingoni. Nikifika napenga kamasi nyeusi, kisha najifuta kwa kitambaa kwenye choo cha wafanyakazi, kiwiko kikigonga ukuta wenye unyevu. Kando ya choo kulikuwa na mlango mwingine, daima una kufuli. Sikuujali.

Uani, gari la mama mkurugenzi lilinguruma tupu, dereva akilipoza ndani kabla mama hajatoka. Mama mwenyewe aliishi Muthangari, hapo tu. Ukitembea huzimalizi njugu za karatasi moja.

Mwezi wa mwisho alinijia, akasimama mbali na meza yangu.

"Mpenzi, baiskeli ni kitu kizuri sana. Lakini Alhamisi wafadhili wanakuja, na hawataki kunusa barabara."

"Nije na nini, madam?"

"Si uite teksi kama watu!"

Alhamisi nilikuja na baiskeli. Nilijifuta mpaka ngozi ikawasha. Wafadhili waliipenda baiskeli, wakataka picha. Mkurugenzi akampandisha dada wa mapokezi, aliyetoka saluni jana yake. Mimi niliambiwa niishike kwa nyuma isianguke.

"Inama, kichwa chako kinaonekana!" mpiga picha akafoka.

Tope lilifutwa, likaachwa kidogo tu kwenye gurudumu, lipendeze. Picha hiyo ikawa jalada la kijitabu changu.

Sikuajiriwa. "Huendani na sura ya ofisi," mkurugenzi aliniambia, dirisha likiwa wazi nyuma yake. Nilitoka kwa geti la nyuma.

Miaka ilipita kabla sijakutana mjini na yule dada wa mapokezi, naye akiwa ameacha kazi. Ndiye aliyeniambia kilichokuwa nyuma ya mlango wenye kufuli: bafu la maji moto, lililojengwa kwa pesa za wafadhili kwa ajili ya wafanyakazi wanaokuja na baiskeli. Mkurugenzi aliweka humo katoni zake za maji ya chupa.