Nilisema Mwanangu Ananitumia Hela, Jina Langu Likakatwa

Asalaam aleikum admin na wote mnaosoma. Jina langu lifiche, na la kijiji pia, maana huku kwetu Lindi tunajuana. Nina miaka sitini na mitatu, mjane, naishi peke yangu. Naandika mwenyewe kidogo kidogo, makosa mnisamehe.

Marehemu mume wangu alikuwa kibarua maisha yake yote, na kibarua hana kiinua mgongo. Tulijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume. Alipotaka kwenda Sauzi, Afrika Kusini, kutafuta maisha, tuliuza nusu ya shamba la mikorosho apate nauli. Baba yake akamwambia, "Nenda baba. Pensheni yetu ni wewe."

Miaka mitatu alitutumia vizuri, hata bati hizi za nyumba ni zake. Baba yake alipofariki alilia sana kwenye simu. Baada ya hapo akawa anapiga mara moja moja, kisha kimya. Huu mwaka wa tano namba yake haipatikani. Sijui kaoa, kafungwa, au ni marehemu na mimi sijamsomea hata hitma.

Kosa langu ni hili. Watu wakiniuliza habari zake, nasema, "Kapiga jana, anawasalimu." Nilianza kwa aibu, nikazoea. Idd iliyopita niliuza kuku wangu, nikanunua doti ya khanga, nikamwonyesha jirani yangu Bi Somoe. Nikamwambia, "Hela katuma mwanangu." Siku ile nilijiona mama kama akina mama wengine.

Mwezi uliopita ukaitishwa mkutano wa kijiji kupitisha majina ya wazee wa kusaidiwa. Langu likasomwa. Mzee mmoja akasema, "Huyu ana mtoto Sauzi. Msaada huu ni wa wasio na mtu."

Bi Somoe, kwa nia njema kabisa, akadakia, "Kweli, mwanawe hajamtupa. Hata khanga ya Idd kanunuliwa naye."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, ndivyo?"

Wote wananitazama. Nikasema, "Ndivyo."

Jina likakatwa.

Mikorosho iliyobaki imezeeka, na magoti hayanifikishi shambani. Nakula mara moja kwa siku. Bi Somoe yeye jina lilipita. Juzi kaniletea unga, nikamwambia ninao. Alipoondoka nikafunga mlango, nikanywa uji wa jana.

Mwenyekiti alipita kwangu akaniambia kwa upole, "Mama, kama kuna jambo, wiki ijayo tunapokea malalamiko. Ila utasema mwenyewe, mbele ya watu."

Nitasemaje, jamani? Mama akisimama mbele ya watu kulia kwamba mwanawe kamtupa, si ni kumlaani? Na kama huko aliko yuko taabani, si nitakuwa nimemmalizia? Nikinyamaza, hakuna atakayejua ninavyolala njaa.

Ninyi mlioacha wazazi nyumbani, na ninyi mlio wazazi, nisaidieni mawazo. Nisimame au nikae? Mkutano ni Jumatano.